Kisigino Kilicholika

Makao Makuu ya Mradi, ghorofa ya tatu
3 Februari

Dada yangu Fundi,

Shikamoo. Nakuandikia barua kwa sababu kwenye simu hatumalizi dakika tano bila kukatiana. Nimeitia ndani ya boksi la skrubu na nyayo za mpira, maana najua boksi hilo hakuna anayethubutu kulifungua kabla yako.

Habari yenyewe ni hii. Mwaka huu kila timu ya mradi inapewa lengo linalopimika. Miaka yote tuliandika eti tunataka "kuwasaidia waliokatwa miguu waishi vizuri", watu wakatikisa vichwa kwa huruma, basi, imetoka hiyo. Nani angejua kama tumefika au tumepotea njiani? Sasa kazi ya kuweka malengo nimepewa mimi, mdogo wako uliyenifundisha kufunga kamba za viatu. Lengo la karakana yako ni miguu ya bandia 120 iwe imetoka mlangoni kwenu ifikapo tarehe 30 Juni. Wala sikuitoa namba hewani. Nilipokuja Desemba, nyie mkiwa kwenye chai, niliingia stoo nikahesabu kalibu za plasta kwenye rafu, moja moja kwa kalamu nyekundu. Zilikuwa 120 kamili.

Sikufichi. Lengo lisipofikiwa, karakana inafungwa, na wagonjwa wote watakuwa wanakwenda hospitali kuu, safari ya saa nane kwa basi. Mkurugenzi kasema hivyo mbele yetu sote. Wewe na wenzako wanne mtabaki kuangaliana.

Lakini mtafika, na Mama ndiye shahidi wangu. Jana kanambia kwenye simu kwamba anakwenda sokoni na kurudi kwa mguu uliomtengenezea, tena hashiki ukuta. Picha yake nimeiweka ukurasa wa kwanza wa mpango. Kila anayepanda zile ngazi sitini na mbili (lifti bado mbovu, tunafika juu tunahema kama wezi waliokimbizwa) anamuona Mama kwanza.

Fomu ya lengo nimeiambatanisha. Tia sahihi, uirudishe kwa basi la Jumatatu.

Mdogo wako,
Kalamu


Karakana
11 Februari

Kalamu,

Marahaba. Fomu nimeipata. Sahihi hupati.

Hebu nikwambie ulichohesabu. Kila mguu tunaoutengeneza unaanza na kalibu: tunakizungushia kigutu, kile kipande cha mguu kilichobaki, plasta, ikikauka tunaivua, tunabaki na umbo lake. Mtoto akikua, tunapiga kalibu nyingine. Mtu akinenepa, nyingine. Kuna msichana wa sekondari ana kalibu saba kwenye rafu ile, peke yake, tangu alipokuwa na miaka minne. Mpiga plasta wetu, ambaye tumemwita Plasta mpaka nadhani hata mkewe kalisahau jina lake, hakubali kutupa hata moja. Anasema ni albamu yake. Sasa wewe, mratibu mzima wa mradi, umehesabu albamu! Watu wenye pumzi wanaosubiri mguu ni sitini na wanne.

Na hata wangekuwa 120, ningekataa vilevile. Mguu kutoka mlangoni kwangu si kazi iliyokwisha. Mwezi uliopita nilimchukua fundi viatu wetu, tukapanda pikipiki yangu, tukazunguka nyumba ishirini na mbili za watu tuliowapa miguu mwaka jana. Sikumuuliza mtu anaendeleaje, maana watu wetu wana adabu sana. Wote wangesema vizuri, tunashukuru. Nilisema tu, nipe kiatu cha mguu wa bandia. Nikakigeuza. Mpira tunaoutumia ni laini. Mtu akitembea kila siku, kisigino kinaanza kulika pembeni ndani ya wiki tatu. Kiatu hakina adabu, hakijui kunifurahisha.

Unajua vingapi vilikuwa vimelika? Tisa. Mguu mmoja nimeukuta umezuia mlango usipigwe na upepo. Mwingine umetundikwa juu ya kabati umevalishwa soksi ya sikukuu, unapanguswa vumbi kila Jumamosi. Mwenyewe aliniambia kwa fahari kabisa kwamba hajauchubua hata kidogo. Nilitamani ardhi inimeze.

Kwa hiyo usidhani nayakataa malengo. Nataka lipimwe lile lenyewe. Hesabu visigino vilivyolika, hapo nitakutilia sahihi mpaka wino ukauke.

Dadako,
Fundi


Makao Makuu
20 Februari

Dada,

Umenisema kama vile nimeiba. Sawa, kalibu si watu. Ungeniambia Desemba, ningekusikiliza. Sasa mpango umechapishwa, namba 120 imebandikwa ukutani kwa Mkurugenzi kwa herufi kubwa kuliko jina lake, na aliyeipeleka ni mimi. Unataka nipande pale mbele niseme samahani, nilihesabu mapambo?

Nimekaa nikatafuta njia. Hesabu na marekebisho: mtu akirudi kukazwa skrubu, huyo ni mmoja. Akibadilishiwa mkanda, ni mwingine. Kwa mtindo huo 120 mnaimaliza hata kabla ya Mei, na hakuna aliyedanganya. Fomu imeandika "huduma ya mguu", haikusema mguu mpya.

Halafu, kwa taarifa yako, kisigino nacho si msahafu. Kuna watu wanatembea ndani tu, kwenye sakafu laini. Hao utawahesabu vipi? Na hao tisa wako ni akina nani? Nitajie, maana wewe ukishika jambo unalitia chumvi mpaka halilambiki.

Dada, mimi ndiye wa kwanza kwetu kukaa kwenye ofisi yenye mlango. Usinivue nguo mbele ya watu. Fomu nyingine nimeitia humu. Tia sahihi, tafadhali.

Kalamu


Karakana
2 Machi

Kalamu,

Fomu yako ya pili nimempa Plasta, kafungia karanga.

Sikiliza kilichotokea, ndipo useme natia chumvi. Tangu namba yako ibandikwe hapa, kijana wangu wa skrubu, tunayemwita Nati, amekuwa akikimbia. Kila mguu unatakiwa ujaribiwe mara tatu kabla mtu hajaachiwa nao moja kwa moja: mara ya kwanza amesimama, ya pili anatembea katikati ya vyuma viwili, ya tatu anarudi baada ya siku tatu tumkague ngozi. Nati kaanza kuiruka ile ya tatu. Hakuniambia. Kumbe kwenye ukuta wa bafu alikuwa anachora mistari, mmoja kwa kila mguu uliotoka, akaninunulia na soda tulipofika kumi na nane. Juzi dereva mmoja wa lori karudi akiwa amebebwa. Kikombe cha mguu, pale kigutu kinapoingia, kimemtoboa, kidonda naweza kutia kidole gumba. Kwenye fomu yako yule dereva ni mafanikio. Ni namba kumi na moja.

Nilimfokea Nati mpaka akalia, halafu nikaona aibu, kwa sababu aliyemkimbiza si yeye mwenyewe. Ni ile karatasi. Nimeibandua.

Kuanzia Jumatatu hapa hapatoki mguu mpaka mwenyewe aseme kwanza anataka kwenda wapi, na lini. Tunaandika kwa maneno yake. Mshonaji mmoja kasema: nataka kukanyaga pedeli ya cherehani kwa mguu huuhuu, nimalize sare kumi kabla shule hazijafunguliwa. Mzee mmoja kanivuta pembeni akaninong'oneza: nataka kwenda chooni bila kumuita mkwe wangu, kabla ya mwezi kuisha, na usimwambie mtu. Hayo ndiyo malengo. Yana mahali, yana tarehe, na kila mtu atajua kama tumefika. Yako yana nini?

Umetaka niwataje wale tisa. Muuza magazeti wa stendi. Kinyozi. Mwalimu wa chekechea. Msichana wa kalibu saba. Mjane anayefuga kuku. Mlinzi wa benki. Fundi redio. Yule mchezaji wa zamani anayejiita Straika mpaka leo. Na wa tisa ni Mama yetu. Mtu wa kwanza niliyemtilia mguu bila kutetemeka mkono.

Fukuzeni mnayetaka. Sahihi yangu ni yangu.

Fundi


Makao Makuu
9 Machi

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumai sukari haijakusumbua na unakula kwa wakati.

Mama, nina shida mbili. Ya kwanza ni Dada. Karakana yake itafungwa kwa kichwa chake kigumu, na akifungiwa yeye, mimi niliyeweka lengo nitaonekana sijui kazi. Anakusikiliza wewe tu. Mwambie atie sahihi.

Ya pili ni ya furaha. Tarehe 28 wanakuja wageni wanaousaidia mradi, pamoja na mpiga picha. Wameiona picha yako na wanataka kukupiga nyingine ukitembea kwenda sokoni na kikapu, kama unavyofanya kila siku. Ni dakika kumi tu. Vaa lile gauni la bluu.

Mwanao,
Kalamu


Nyumbani
15 Machi

Kwenu nyote wawili, Fundi na Kalamu,

Marahaba. Barua hii nimeiandika mara mbili, neno kwa neno, ili asije mmoja akasema mwenzake kaambiwa zaidi. Barua mlizoandikiana nimezisoma. Mdogo kanitumia zake, mkubwa kaziacha zake mezani kwangu siku alipokuja kunilalamikia. Nimewasoma wote. Kaeni chini.

Mguu uko nyuma ya kabati, nimeufunga kwenye shuka kuukuu. Sijauvaa kwenda popote tangu Desemba.

Fundi, nikisikia pikipiki yako inakata kona pale kwenye kinu, ninao muda wa kuutoa, kuuvaa na kukaa kwenye kiti kana kwamba ndiyo kwanza nimerudi matembezini. Nimekuwa hodari, siku hizi natumia dakika moja na nusu. Ukiondoka nauvua na kupaka mafuta pale unaponiumiza, chini ya goti kwa mbele. Umeniuma tangu wiki ya pili. Na wewe Kalamu, kwenye simu mtu husema lolote. Ungeniuliza kama naruka kamba, ningekwambia naruka.

Mtauliza kwa nini sikusema. Siku ile ulinivalisha, Fundi, ulikuja na karakana nzima. Wakapiga makofi. Yule Plasta akatoa machozi. Wewe mwenyewe ukageuka dirishani ukajifanya unatafuta bisibisi. Sasa mimi mama yako niseme nini, kwamba mguu wa mwanangu unanitoboa? Nikasema vizuri, nashukuru. Halafu mwenzako akanipigia, Mama uko ukurasa wa kwanza. Nikawa nimefungwa mikono na miguu, tena yote miwili.

Miaka ishirini na sita nilikuwa mtunza stoo wa kiwanda cha nguo, mnajua. Niliwaona mameneja wengi wakihesabu marobota yaliyotoka getini na kushangilia, na nikayaona marobota yaleyale yakirudi kwa mlango wa nyuma. Kalamu, umehesabu rafu. Nati kahesabu mlango. Lakini wewe Fundi umenishangaza zaidi. Umegeuza viatu ishirini na kimoja vya watu baki, cha mama yako hukukigusa. Ukaandika tu: wa tisa, Mama. Nani alikwambia?

Tena ninyi wawili, mnaogombana kuhusu lengo la nani linapimika, hakuna hata mmoja aliyeniuliza nataka kwenda wapi. Soko! Nani kawaambia nataka soko? Sokoni natuma mtu, narudishiwa na umbea juu. Mimi nataka kwenda nyuma ya nyumba yangu, kwenye kamba ya kuanikia. Ni hatua arobaini na moja juu ya kokoto. Nataka nifike pale mikono yote miwili ikiwa huru, nianike nguo zangu za ndani mwenyewe. Mwaka mzima zimeanikwa na binti wa jirani, na mtaa mzima unajua rangi zake. Nataka hivyo kabla Juni haijaisha. Andikeni.

Mpiga picha asije. Akija nitamkaribisha kwa mguu mmoja na nitamwonyesha mwingine nyuma ya kabati, apige hiyo.

Mama yenu,
mtunza stoo


Karakana
19 Machi

Kalamu,

Nilikwenda siku ileile niliyoipata barua. Sikuzima hata pikipiki. Nikaingia, nikautoa mguu kwenye shuka, nikakigeuza kiatu. Kilikuwa safi. Kile kikaratasi cha saizi bado kimebandikwa pale chini.

Andika wanane.

Nimekuandikia mambo ya adabu na viatu kama mtu mwenye akili, kumbe mimi ndiye mjinga wa kwanza. Na kuna jambo sijakwambia. Mguu wa Mama haukujaribiwa mara ya tatu. Ulinidai picha kabla ya tarehe mosi Desemba, nami nilitaka uione kazi yangu, uache kuniona kama fundi wa kugonga misumari. Nikaruka siku zile tatu. Nati nilimfokea mbele ya watu kwa kosa nililolifanya mimi kwa mama yangu mzazi. Leo nimemuomba radhi mbele ya watu walewale, na kaniangalia kama nimerukwa na akili.

Tumeshampiga Mama kalibu mpya. Kaniambia plasta ni ya baridi na mikono yangu mizito.

Ila sahihi, mdogo wangu, bado hupati. Sasa ndiyo kabisa.

Fundi


Makao Makuu
31 Machi

Dada,

Shikamoo, na nisamehe. Nimeianza barua hii mara nne.

Wageni walikuja. Asubuhi hiyo niliuchana ukurasa wa kwanza kwenye nakala zote, thelathini na tano, kwa mkono wangu. Mkurugenzi akauliza bibi yuko wapi. Nikamwambia ukweli wote: bibi hatembei, ile 120 niliihesabu kwenye rafu, na tangu Februari nilijua kwamba si watu nikanyamaza kwa sababu ya mlango wangu wa ofisi. Alinyanyua miwani akasema, "Kwa hiyo huna lengo." Nikamwambia ninalo. Nikamwekea mezani fomu mpya, nimeipanga kwa maneno yako: Unataka kwenda wapi. Lini. Kisigino kimelika?

Alicheka. Akasema ameendesha miradi kumi na moja na hajawahi kumripotia mtu kisigino. Nikamwambia basi huu ni wa kumi na mbili. Sijui nilipata wapi mdomo ule, nadhani ni wa kwako, uliusahau kwangu tukiwa wadogo.

Amekubali hivi: kuanzia kesho watu arobaini wapate miguu, kwa majaribio yote matatu, na ifikapo 30 Juni visigino thelathini viwe vimelika. Pungufu ya hapo, karakana inafungwa na mimi nakabidhi funguo. Nimetia sahihi yangu kwanza. Fomu iko humu, usijisikie unalazimishwa.

Sharti moja nimeongeza mwenyewe: aliyetengeneza mguu asiwe ndiye anayegeuza kiatu. Na mtu asimkague ndugu yake.

Kalamu


Karakana
24 Juni

Kalamu,

Sahihi uliipata kwa basi lililofuata, sasa pata na matokeo.

Miguu arobaini imetoka. Majaribio matatu kila mmoja, Nati anayasimamia kama askari magereza. Mshonaji kamaliza sare kumi na mbili. Dereva wa lori kapona, kakanyaga klachi. Yule mzee wa chooni alipita hapa jana bila kuingia, akanipungia mkono tu, tukaelewana.

Fundi viatu kamaliza kukagua nyumba zote jana. Ishirini na saba.

Ndiyo. Tumepungukiwa vitatu. Kumi wamevaa lakini hawajatoka sana, mmoja kahamia kwa mwanawe na hatumpati, mwingine hataki, na Mama kamfukuza fundi viatu mlangoni. Kamwambia, "Nikikuhitaji nitakuita." Mimi kwa sharti lako siruhusiwi kuuliza, na Mungu anajua nilivyouma meno.

Asubuhi hii nimemkuta Nati mbele ya mashine ya kusugulia, ameshika viatu vitatu vipya. Msasa tayari unazunguka. Akasema, "Bosi, ni dakika mbili tu. Pembeni kidogo, hakuna atakayejua." Wenzake wote wananitazama. Kila mmoja ana watoto. Sikufichi, Kalamu: niliitazama ile mashine kwa muda. Nilijua hasa pembe ya kuvisugua, ningeweza hata kutofautisha mwendo wa kinyozi na wa mlinzi.

Nikazima umeme kwenye swichi kuu. Nikawaambia tukianza kutembea kwa niaba ya watu, tuifunge karakana wenyewe, tusiwangojee hao wa ghorofani. Plasta akasema amina, akaenda kupika chai.

Andika ishirini na saba. Usiandike karibu thelathini.

Fundi


Nyumbani
28 Juni

Kalamu mwanangu,

Ndani ya bahasha hii kuna kisigino. Kishike, hakina uchafu, nimekiosha. Nimemuita fundi viatu mwenyewe leo asubuhi, nikamwambia akikate hiki na anitilie kipya, maana kilianza kunipindisha. Kimelika upande wa nje. Kasema ndivyo ninavyotembea, natupa mguu kama mtu mwenye madai.

Usidhani nilianza jana. Nimeanika nguo zangu tangu tarehe 9 Mei. Hatua arobaini na moja kwenda, arobaini na moja kurudi, na siku nyingine naanika kitambaa kimoja kimoja makusudi. Niliwaficha kwa sababu mara ya kwanza mlinishangilia kabla sijatembea. Safari hii nilitaka nitembee kwanza, makofi mtajua wenyewe.

Kwa hiyo ni ishirini na nane. Wawili waliobaki sina. Usiwatafute kwa tochi, na mtu asikwambie uwazushe.

Mama


Makao Makuu
6 Julai

Mama na Dada,

Shikamooni. Nimeandika moja, msome pamoja.

Niliandika: Lengo 30. Tulichofikia 28. Hatukufikia. Sikupamba. Kisigino nikakibana juu ya ripoti kwa klipu, nikapeleka na funguo za ofisi yangu, nikaviweka vyote mezani kwake.

Mkurugenzi akasoma. Akakigeuza kile kisigino, akapitisha kidole pale kilipolika. "Cha nani?" Nikamwambia cha mtunza stoo mmoja mstaafu. Akauliza kwa nini hatukutafuta wawili tu, ni kitu kidogo. Nikamweleza habari ya mashine ya kusugulia, na swichi. Nikamwambia hiyo miradi yake kumi na moja yote ilifikia malengo, na ningependa siku moja nipite nikageuze viatu. Nilijua nimeshafukuzwa, kwa hiyo sikuwa na cha kuogopa.

Nikasikia watu wakihema kwenye ngazi. Halafu akasukuma funguo upande wangu. "Mpaka Desemba," akasema. "Na lengo lijalo nataka niliweke mimi." Nikamwambia hapana. Litawekwa na wenye miguu, tutajumlisha. Kisigino akakitia kwenye droo yake akafunga, na nilipokiomba akasema ni kielelezo cha ofisi.

Dada, karakana haifungwi. Waambie akina Plasta. Mama, nakutumia fomu ya awamu mpya. Sijakujazia kitu. Nimejifunza.

Kalamu


FOMU YA LENGO, AWAMU YA JULAI HADI DESEMBA

Mwenye mguu: Mtunza stoo mstaafu.

Unataka kwenda wapi: Ofisini kwa huyo mkurugenzi, ghorofa ya tatu, kwa ngazi zote sitini na mbili, lifti hata ikitengenezwa. Nafuata kisigino changu. Hakikutolewa kwa hati ya stoo.

Lini: Kabla Desemba haijaisha. Asiondoke ofisini.

Kisigino kimelika?: Njooni mgeuze.